Likizo Kwenye Ziwa Mweru: Nani Alipumzika, Nani Alitumika?

Tulipopewa kazi ya kuandika insha kuhusu historia ya mapumziko, wengi wetu darasani tuliwaza visiwa vya Karibi. Sote tumeziona picha zake kwenye kalenda: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, familia ya Kizungu iliyolala kwenye viti. Mhadhiri wetu alituuliza swali moja tu: kabla ya viti hivyo kuwekwa pale, mahali hapo palikuwa na nini? Barbados na Jamaika, tulikumbushwa, zilikuwa nchi za mashamba ya miwa, na waliolima miwa hiyo walikuwa Waafrika waliopelekwa kwa nguvu. Kisiwa cha kupumzikia kilikuwa kwanza kisiwa cha kufanyishwa kazi.

Mimi sijafika Karibi, na sidhani kama nitafika karibuni. Lakini familia yetu iliwahi kwenda likizo kisiwani mara moja. Kisiwa hicho kinaitwa Kilwa. Msomaji asifikirie Kilwa ya mkoa wa Lindi. Ninachokisema kiko katika Ziwa Mweru, ng'ambo ya mji wa Nchelenge, mkoa wa Luapula, nchini Zambia. Katika insha hii nitajaribu kulijibu swali la mhadhiri kwa kutumia kisiwa hicho, ziwa hilo na yale niliyoyasikia kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye anaishi huko.

Naanza na safari yenyewe. Baba yangu ni dereva, na nyumbani kwetu ni Tunduma. Mama alizaliwa Pweto, mji wa Kongo ulio upande wa kaskazini wa Ziwa Mweru, pale mto Luvua unapotoka ziwani. Mwaka huo baba alipata wiki mbili za mapumziko mwishoni mwa Julai, akasema kwamba mwaka huu hatuendi kwao, tunakwenda kumwona mama mkwe. Tulivuka mpaka Nakonde, tukalala Kasama, kesho yake tukapitia Luwingu na Mansa, kisha tukageuka kaskazini kulifuata bonde la mto Luapula. Barabara ile ina vijiji karibu mwanzo hadi mwisho. Kila baada ya mwendo kidogo unaona mihogo imeanikwa, na samaki wadogo wakavu waitwao chisense wamewekwa kwenye mafungu kama sisi tunavyoweka dagaa.

Tulifika Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, wakati wa sherehe ya Mutomboko, ambayo hufanywa kila mwaka mwishoni mwa Julai. Watu walijaa kumtazama Mwata akicheza ngoma ya kukumbuka safari ya Walunda kutoka magharibi na ushindi wao katika bonde la Luapula. Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza hadithi ya Nachituti, ambayo kila mtoto wa bonde lile anaijua. Nachituti alikuwa dada wa Nkuba, mtawala wa Washila, ambao ndio wavuvi wa ziwa. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake huyo. Nachituti akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi, na Nkuba alipokwisha kuuawa, akampa Mwata kikapu cha udongo na chungu cha maji. Udongo ulikuwa nchi, maji yalikuwa mito na ziwa.

Baadaye, niliporudi chuoni, niliona kwamba wanahistoria wameichukua hadithi hii kwa uzito. David Gordon ameandika kitabu kizima kuhusu uvuvi na siasa za Luapula, kilichotoka mwaka 2006, na jina la kitabu hicho limetokana na zawadi ya Nachituti. Mimi nilichokiona katika hadithi ile ni jambo dogo. Katika bonde lile, maji yanahesabiwa kuwa kitu chenye mwenyewe. Yanaweza kutolewa, kupokewa na kudaiwa. Ziwa kwao si mandhari ya kutazamwa.

Tulifika Nchelenge jioni. Ziwa Mweru ni kubwa kiasi kwamba kutoka pwani ya mji huoni mwisho wake; urefu wake unazidi kilomita 100. Kaka yangu mdogo alipiga kelele kwamba tumefika baharini. Kesho yake alfajiri tulishuka bandarini kupanda boti la mbao la kwenda kisiwani, maana katika miezi ile ya kiangazi upepo huamka mchana na maji huchafuka. Mizigo ilipakiwa: sukari, sabuni, mafuta, magunia matupu ya samaki. Baba alitangulia, nasi watoto tukafuata. Mama alibaki amesimama mchangani, ameshika viatu mkononi. Nahodha alimwita, "Mayo, twende." Mama akatikisa kichwa. Baba aliposhuka kwenda kuzungumza naye, nilimsikia akimwambia, "Nendeni. Mimi nitamsubiri mama hapa hapa." Akarudi nyumba ya wageni peke yake. Sisi tukaenda.

Sikuelewa, na kwa kweli nilikasirika. Tulikuwa tumesafiri siku mbili kwa ajili ya mama yake. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu historia ya kisiwa ndiyo iliyonifanya nielewe.

Kisiwa cha Kilwa kiko karibu zaidi na Kongo kuliko Nchelenge. Ukisimama upande wake wa magharibi, unaiona nchi ya Kongo mbele yako, na huko kuna mji ambao nao unaitwa Kilwa. Hata hivyo kisiwa ni cha Zambia. Nilimuuliza mjomba wa mama aliyetupokea kwa nini iko hivyo. Akacheka: "Hayo waulize Waingereza."

Jibu linaanzia karne ya 19. Wakati ule njia za biashara ya pembe za ndovu na watumwa zilikuwa zimefika Mweru kutoka pwani ya Afrika Mashariki. David Livingstone alipoliona ziwa hili Novemba 1867, kisha akaingia katika mji wa Mwata Kazembe, alikuta watu wa pwani wamekwisha tangulia. Miezi michache kabla alikuwa amekutana na Tippu Tip, ambaye mwaka huo huo alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, mashariki ya ziwa. Tippu Tip mwenyewe aliyaeleza mambo hayo kwa Kiswahili katika maisha yake aliyoyaandika uzeeni. Kwa hiyo wanafunzi wa Kiswahili wasidhani kwamba Mweru ni mbali nasi. Lugha yetu ilifika huko na misafara hiyo, na pamoja na lugha zilifika bunduki na minyororo.

Katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, kisiwa kilikuwa chini ya mfanyabiashara mmoja ambaye wamisionari na maofisa wa Kizungu walimtaja kwa jina la Simba au Shimba. Kisiwa kilimfaa kwa sababu maji yaliyokizunguka yalikuwa boma lake. Chifu wa kisiwa hadi leo anaitwa Nshimba. Mjomba alinieleza kwamba katika lugha yao inshimba ni mnyama mdogo wa porini anayefanana na paka, akaiba kuku wa watu. Kwa masikio yangu ya Tunduma, jina lile lilikuwa simba mwenye manyoya. Nilijifunza hapo kwamba jina linalofanana na neno la kwetu halitoshi kuwa ushahidi. Vivyo hivyo sitadai kwamba jina la Kilwa lilitoka Kilwa ya pwani, ingawa linavutia. Inatosha kusema kwamba visiwa hivi viwili viliguswa na biashara moja ya kuuza watu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ya pwani ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka, na wengi wa watu wa namna hiyo walipelekwa kulima miwa katika visiwa vya Ufaransa vya Bahari ya Hindi. Baadhi ya meli za Kifaransa zilizopakia watu Kilwa zilifika mpaka Karibi.

Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye Dola Huru ya Kongo, walitia saini mkataba wa mipaka. Mstari ulichorwa kukata Ziwa Mweru kutoka mahali Luapula inapoingia hadi mahali maji yanapotokea. Lakini mstari ulipokaribia kusini, ulipindishwa ili kisiwa cha Kilwa kibaki kwa Waingereza. Washila hawakuulizwa, wala Mwata Kazembe hakuulizwa. Chungu cha maji cha Nachituti kiligawanywa juu ya karatasi, huko Ulaya. Kupinda kule kwa mstari ndiko kunakofanya mtu wa kisiwani leo awe Mzambia ingawa anasikia muziki wa Kongo usiku upepo ukielekea kwake.

Sasa nifike kwenye likizo. Bibi yetu alitupokea mlangoni kwake akatazama nyuma yetu, akihesabu. Baba alimwamkia kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, "Shikamoo mama," akaeleza kwamba mama yuko Nchelenge, hajisikii vizuri na maji. Bibi hakuuliza zaidi. Alitupa ubwali wa mihogo na samaki aina ya pale, akatuambia tulale. Jioni nilitoa daftari langu. Nilitaka anisimulie vita. Yeye akaanza na bustani.

Bibi alizaliwa Pweto wakati wa Wabelgiji. Pweto, Lukonzolwa na Kilwa ya Kongo zilikuwa mahali ambapo Wabelgiji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, walipenda kuja kupumzika na kujenga nyumba zao za kando ya ziwa. Mji ule ulikuwa na joto la migodi na moshi wa kiwanda cha shaba. Mweru ilikuwa na upepo na samaki. Baba yake Bibi alikuwa na kazi katika moja ya nyumba hizo. Maneno yake niliyaandika kama alivyoyasema:

"Baba yangu alikuwa anatumika kwa Bazungu ya konje. Anatumika bustani, anatumika mutumbwi. Bao banapumzika, yeye anatumika."

Konje ni neno lao la likizo, walilolichukua kutoka Kifaransa. Lakini neno lililonisimamisha ni kutumika. Katika Kiswahili cha Kongo, kutumika ni kufanya kazi. Katika Kiswahili chetu, kitu kinachotumika ni jembe, sufuria, gari. Nilimwambia Bibi kwamba kwetu mtu akisikia "baba yangu alitumika" atadhani aligeuzwa chombo. Bibi akafikiri kidogo, akasema, "Basi maneno yenu na yetu ni mamoja."

Alinieleza kazi hiyo ilivyokuwa. Familia ya Kizungu ilikuja wakati wa kiangazi. Kabla hawajafika, babake alifyeka nyasi, alipaka chokaa, aliziba mtumbwi, alitafuta mkaa. Walipokuwapo, aliamka kabla yao na kulala baada yao. Bibi akiwa mtoto aliruhusiwa kuokota maembe yaliyoanguka, lakini si kukaa ufukoni mbele ya nyumba. "Ziwa letu," alisema, "lakini pale mbele ya nyumba halikuwa letu."

Ukitaka kuandika historia ya nyumba kama ile kwa kutumia picha na barua za wenyewe, utaandika historia ya siku njema. Mtu aliyepaka chokaa hatakuwamo, au atakuwamo kama kivuli ukingoni mwa picha. Hata samaki aliyeliwa pale alikuwa na historia yake. Tangu mapema katika karne ya 20, samaki wa Mweru na Luapula walipelekwa kwa wingi kulisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga, na wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga ndio walioshika sehemu kubwa ya biashara hiyo. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga mayai, alivuliwa kwa nyavu nyingi mno, hata kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 makundi hayo yalikuwa yamekwisha. Bibi anamkumbuka mpumbu kama kitu cha kusimuliwa na mama yake. Waliokuja kupumzika kando ya ziwa na waliolichosha ziwa waliishi kwa uchumi ule ule wa shaba.

Kisha ikaja 1960. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, askari wakaasi siku chache baadaye, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Katika siku hizo maelfu ya Wazungu wa Katanga walikimbilia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo. Bibi alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka kwamba kiangazi kile nyumba ilifagiliwa na kupakwa chokaa kama kawaida, na baba yake akasubiri. Hawakuja. Alisubiri mwaka uliofuata pia. "Funguo alizitunza," Bibi alisema. "Aliogopa watarudi waulize."

Nilipolisikia hili nililiona jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote. Wale waliokuwa wageni wa likizo waligeuka wakimbizi katika wiki chache, na waliokolewa na mpaka ule ule uliochorwa mwaka 1894. Miaka 40 baadaye, zamu ikawa ya familia ya mtunza funguo.

Vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 1998. Mwanzoni mwa Desemba 2000 vilifika Pweto, na makumi ya maelfu ya watu, raia na askari, wakavuka kuingia Zambia upande wa Chiengi. Wengi walipelekwa kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa, na wengine kambi ya Mwange, wilaya ya Mporokoso. Bibi na mama yangu, aliyekuwa na miaka 17, walivuka usiku kwa mtumbwi. Bibi hakunieleza usiku ule. Alisema tu kwamba mitumbwi ilikuwa miwili, na asubuhi mmoja ndio uliofika. Mdogo wake mama alikuwa katika ule mwingine.

Hapo nilifunga daftari. Nilikuwa nimekuja na maswali yangu ya insha, na mama alikuwa amesimama mchangani ameshika viatu.

Bibi hakubaki kambini muda mrefu. Ndugu yake alikuwa amekwisha kuhamia kisiwani, akamwita, na tangu hapo anauza samaki. Oktoba 2004 aliamka akakuta mitumbwi imejaa ufukoni. Watu walikuwa wanatoka Kilwa ya Kongo. Waasi wachache walikuwa wameuteka mji, na jeshi la serikali lilipokuja kuurudisha, zaidi ya watu 70 waliuawa kwa hesabu ya uchunguzi wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeiona serikali ya Kongo kuwa na hatia, na ikaamuru fidia ya dola milioni 2.5 kwa wahanga wanane na familia zao. Bibi hakujua habari za Tume. Alijua idadi ya sufuria. "Nilipika sufuria tatu asubuhi, tatu jioni," alisema. "Na mimi mwenyewe nilikuwa mukimbizi miaka mine tu nyuma. Walinikaribisha, nikakaribisha."

Wapo watakaosema kwamba kwa hiyo mkataba wa 1894 ulikuwa na faida. Sikubaliani. Leopold na Waingereza hawakukipindisha kile kipande cha mstari ili Bibi apate pa kupikia. Walikuwa wanagawana. Mpaka ukawa kimbilio kwa sababu watu wa upande wa pili walifungua milango, na walifungua kwa kuwa walikuwa ndugu na wateja wao tangu kabla ya mpaka. Mwaka 2018 watu wa Kongo walipokimbia tena, makazi mapya yalifunguliwa Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge. Historia inayohesabu mikataba peke yake itawapa sifa waliochora mstari na kuwasahau waliopika.

Siku ya tatu, Bibi alivaa kitenge kipya, akasema, "Kama mutoto hawezi kuja kwa mama, mama ataenda kwa mutoto." Tulirudi naye Nchelenge. Mama alikuwa bandarini tangu alfajiri. Sitaandika walivyosalimiana, hayo ni yao. Waliketi juu ya boti lililopinduliwa mpaka jua likawa kali, kisha mama akaja kwetu akasema kwamba kesho anakwenda kisiwani, tusimtazame wakati anapanda.

Hatukumtazama. Alikaa katikati, uso ameuelekeza Nchelenge, mkono mmoja ameushika mkono wa Bibi, mwingine ameshika ubao wa boti. Alikaa kisiwani siku nne. Siku ya kwanza hakuruhusiwa kuosha hata sahani. Kila alipoinuka kusaidia, Bibi alimrudisha kitini: "Kaa. Wewe uko konje." Bibi mwenyewe alipika, alichota maji, alifagia ua. Nilimwambia kwamba yeye sasa anatumika nasi tunapumzika, kama wale Bazungu. Alinijibu kwamba nimekosea hesabu: "Wale hawakuwa watoto wangu."

Siku ya pili mama alikataa kukaa. Alichukua ndoo akashuka ziwani kuchota maji pamoja na mama yake, nasi tukawafuata. Ufuko ule hauna viti, na wanawake walikuwa wanaanika chisense. Mama aliweka ndoo chini, akavua viatu, akaingia majini hadi kwenye magoti, akasimama hapo akitazama upande wa Kongo. Kisha akajaza ndoo yake, tukapanda nyumbani.